Sindano nilikuta bado imechomekwa pale pale

Sindano nilikuta bado imechomekwa kwenye kitambaa, pale pale nilipoiacha, na uzi wa kijani unaning'inia urefu wa kiganja hivi. Nikaivuta haikutoka, imeshika kutu. Ikabidi niizungushe taratibu, huku na huku, kama unavyomtoa mtoto mwiba, ikatoka, ikaacha matundu mawili na doa la kahawia dogo kama kichwa cha pini. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu tu. Sikumbuki nilikuwa nawaza nini hasa ila najua nilihesabu miaka. Kitinda mimba wangu alikuwa hajazaliwa nilipoichomeka pale, na leo ana miaka 26.

Hiyo ilikuwa wiki ya tatu tangu nistaafu. Miaka 34 nimefanya kazi ya uhasibu, kuamka alfajiri, kurudi jioni, mwisho wa mwezi hulali vizuri mpaka hesabu zikubaliane, na miaka yote hiyo kuna mifuko na maboksi yananisubiri juu ya kabati na chini ya kitanda. Kila nikihama nyumba nahama nayo. Watoto walishazoea, wakiona mfuko wa vitambaa wanajua huo haguswi na mtu, huo wa mama. Na watu wakiniuliza lile blanketi la viraka limefikia wapi, jibu langu lilikuwa moja, muda sina, nikistaafu nitalimalizia.

Basi muda ukaja. Nikatandaza kila kitu kitandani mpaka sakafuni, vikawa 11. Kitambaa cha meza cha kudarizi, foronya mbili ambazo moja imeisha na moja ina ua nusu, kwilti, yaani lile blanketi la viraka vya mraba, viraka vya pembe sita kama 200 na kitu bado vina karatasi ndani, blanketi la mtoto, sweta lisilo na mkono wa kushoto, vitambaa vya kufuma vya makochi ambayo hata hatunayo tena, na vingine ambavyo ilibidi nikae nivitazame sana ndo nikumbuke vilikuwa viwe nini.

Sasa, nilichokiona siku ile ndo kimenifanya niandike. Nilikagua kila kimoja, nikatafuta mahali haswa kilipoishia, mshono wa mwisho kabisa. Ingekuwa kweli tatizo ni muda, basi vingekatikia popote, katikati ya jani, katikati ya mstari, popote pale nilipoitwa au nilipopitiwa na usingizi. Kumbe wapi. Vyote, isipokuwa kimoja, viliishia mahali pagumu. Mkono wa sweta uliishia pale pa kupunguza vishono vya begani. Foronya iliishia pale uzi wa rangi ile ulipokwisha. Kwilti liliishia pale mistari miwili ilipokataa kukutana. Yaani miaka yote hiyo nimekuwa nikiusingizia muda, wakati mi nilikuwa nimefika mahali panapotaka uamuzi nikakunja kitambaa nikaweka mfukoni. Kesho nitaangalia. Na kesho ikawa miaka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mstaafu mwenzangu ambaye na yeye ana mifuko yake ni huu: usianze kushona. Kaa na kila kazi dakika kumi, tafuta ulipoishia, alafu ujiulize hapa palinishinda nini. Mi niliandika kwenye kipande cha karatasi nikakibana na pini juu ya kila kazi, maneno machache tu, "uzi umeisha", "haikutani", "sijui rangi ya pindo". Ukishaandika hivyo ile hali ya kuogopa mfuko inapungua sana, maana unaona kumbe kinachokuzuia ni kitu kimoja kidogo chenye jina.

Nichukue lile kwilti la viraka vya mraba maana ndo lilinifundisha zaidi. Nilikuwa nimeshona mistari tisa, kila mstari viraka 12, na nilipoanza kuiunganisha mstari wa tano ulikuwa mfupi kuliko wa nne kwa kama sentimita mbili. Enzi zile nilidhani nimekata vibaya. Nilifumua, nikashona tena, ikawa vile vile, nikakata tamaa. Safari hii nikachukua rula badala ya kukasirika. Viraka vyenyewe vilikuwa sawa kabisa. Kosa lilikuwa kwenye mshono. Nafasi ya mshono, yaani kitambaa kinachobaki kati ya mshono na ukingo, kwenye kazi ya viraka kwa kawaida ni robo inchi, milimita 6 na kidogo, na mistari minne ya kwanza niliishona kwa cherehani moja na ile mingine kwa cherehani nyingine ambayo mguu wake, kile chuma kinachokandamiza kitambaa, ni mpana kidogo, nami nilikuwa nafuata ukingo wa mguu bila kupima. Ilikuwa inakula milimita moja zaidi. Sasa piga hesabu, mstari wenye viraka 12 una mishono 11, kila mshono umekula milimita moja kila upande, hizo ni milimita 22. Sentimita mbili na ushee! Miaka 34 nimesaka tofauti kwenye vitabu vya hesabu, na hii ya kwangu ilikuwa ndani ya mfuko kitandani pangu inanisubiri.

Nilifumua ile mistari mitano yote. Ilinichukua siku nne. Kufumua watu wanakuona kama adhabu ila mi nimekuja kukupenda, ukiwa na kile kifumulio chenye ncha mbili na mwanga mzuri unakata kishono kimoja kila baada ya vitatu au vinne upande mmoja, alafu unageuza, unavuta uzi wa upande wa pili unatoka wote mzima. Sauti yake ni ndogo sana, kama mtu anachana karatasi chumba cha pili. Nikabandika utepe kwenye bamba la cherehani robo inchi toka kwenye sindano, nikashona upya nikifuata utepe, sikuutazama mguu kabisa. Mstari wa nne na wa tano vikakutana kona kwa kona. Nilimwita binti yangu atoke jikoni aje aone kona tu.

Foronya ilikuwa habari nyingine. Uzi wa kudarizi wa pamba ule wa kawaida una nyuzi 6 nyembamba zilizolazwa pamoja, unazitenganisha unatumia mbili au tatu kutegemea na kitambaa, na rangi yake ina namba. Namba ninayo, karatasi ya uzi niliitunza. Nikapata uzi wenye namba ile ile, nikauweka kando ya ua la zamani, haufanani. Wa zamani umefifia kidogo lakini hata bila kufifia, rangi inatiwa kwa bechi na bechi mbili za namba moja zinaweza kupishana. Hapo ndo nilipokwama ile miaka, nilitaka zifanane kabisa. Safari hii nikafanya hivi: mahali pa kubadilisha sikukata ghafla, nilifumua petali mbili za ua la zamani kwa uangalifu nikaokoa uzi wake, kisha kwenye petali zilizofuata nikaingiza kwenye sindano unyuzi mmoja wa zamani na mmoja mpya pamoja, alafu ndo nikaendelea na mpya peke yake. Jicho linapita pale bila kujikwaa. Ukiambiwa utaona, usipoambiwa utadhani ni kivuli.

Ila kabla hujautumia uzi uliokaa miaka mingi uujaribu nguvu kwanza. Shika kipande cha kama sentimita 30, kivute kwa mikono miwili kwa nguvu ya kawaida. Ukikatika kirahisi huo umeoza, hata kama rangi inang'aa, na ukiushonea utakuja kulia baadaye. Nyekundu na zile buluu za giza zijaribu na maji pia, lowesha pamba nyeupe ukandamize juu ya mshono uone kama inachuja. Nimewahi kuharibu kitambaa kizima kwa kudharau hiyo, nyekundu ikatembea kwenye nyeupe, na kilichoniponza zaidi ni kukianika kikakauka na rangi ikiwa imeshatembea, wakati ningekirudisha kwenye maji baridi mengi nikaendelea kusuuza pengine ingetoka. Na zile alama za kalamu ya buluu inayofutika kwa maji, usipitishe pasi juu yake kabla ya kufua, joto linazifanya zigande na zingine zinageuka kahawia hazitoki tena. Nilikuwa nazo kwenye kazi tatu. Tatu zote zilitoka kwa maji baridi tu, kwa bahati sikuwahi kuzipiga pasi.

Kazi za sufu nazo zina lake. Viwavi vya nondo vinakula sufu na hariri, pamba havina shida nayo, kwa hiyo lile sweta nililikuta na matundu na vitambaa vya pamba vilivyokuwa mfuko ule ule vizima. Nikalifunga kwenye mfuko wa plastiki nikaliweka kwenye friza wiki mbili kabla sijalileta karibu na vingine. Na hata hivyo sikulimalizia. Nililifumua lote, nikapata uzi mzima wa kutosha kofia mbili, nikaridhika. Naomba nieleweke hapa, kumalizia sio lazima kitu kiwe vile ulivyokipanga ukiwa na miaka 31. Aliyetakiwa kulivaa lile sweta sasa havai sweta za mama yake, ana haki yake. Vile vitambaa vya makochi nimempa jirani anayejifunza kufuma avifumue apate uzi wa mazoezi. Kati ya 11, vitatu nimeviachia hivyo, na usiku ule nililala vizuri kweli.

Vile viraka vya pembe sita ndo vile peke yake vilivyosimama bila sababu ngumu. Kwa ambaye hajawahi, kazi ile inakwenda hivi: unakata karatasi umbo la pembe sita, unakunjia kitambaa juu yake unapiga bandi, ule mshono wa muda tu, alafu unaunganisha vipande ukingo kwa ukingo kwa mkono, na karatasi zinatolewa mwishoni kabisa. Mi karatasi nilizikata kwenye makaratasi yoyote niliyokuwa nayo miaka ile. Nilipoanza kuzitoa nikakuta mwandiko wangu. Kipande cha ratiba ya chanjo ya mtoto. Kipande cha kalenda. Kipande cha barua ya dada yangu, maneno matano tu, "usijali sana, nitakuja mwezi", na nilijua mara moja ni mwezi gani na alikuja kwa ajili ya nini. Nikaacha kutoa karatasi siku mbili.

Baadaye nikasoma kumbe wanaochunguza historia ya kazi hizi wanafurahi sana wakipata iliyoachwa njiani, kwa sababu iliyokamilika karatasi zimetoka lakini ile iliyoachwa bado inazo, wanasoma barua na magazeti ya ndani wanakisia ilishonwa lini. Kuna shuka la juu la hariri la Uingereza lenye mwaka 1718 limeshonwa ndani yake, ni la viraka, linahesabiwa kuwa kati ya kazi za viraka za zamani kabisa zenye tarehe nchini kule, na karatasi zake zimebaki ndani mpaka leo. Miaka 300! Sasa mi nilifanya uamuzi wangu, nimetoa karatasi zote isipokuwa ile ya dada. Ile nimeiacha ndani, nikaweka bitana juu yake nikafunga. Kufua nitafua kwa mkono na kwa nadra, ikija kulowa na kusagika basi isagike humo humo.

Niseme na habari ya macho na mikono maana wengi wetu tunakimbia hapo. Lenzi ya jicho inazidi kuwa ngumu kadiri umri unavyokwenda, ukifika arobaini na kitu haikunjiki tena vizuri kuona karibu, hiyo ni ya kila mtu sio uzembe. Mi nilinunua taa ya kusimama yenye mwanga mweupe na lenzi ya kuvaa shingoni, na naweka kitambaa cha rangi tofauti mapajani, kazi nyeupe juu ya kitambaa cheusi, matundu yanaonekana wazi. Kutunga sindano nakata uzi mshazari, naubana kati ya vidole mpaka ncha tu ndo inachungulia, alafu naleta sindano kwenye uzi, sipeleki uzi kwenye sindano. Ikikataa naigeuza upande wa pili maana tundu la sindano mara nyingi lina upande mmoja mlaini kuliko mwingine. Uzi hauzidi sentimita 45, mrefu zaidi ya hapo unapita kwenye kitambaa mara nyingi mno unachakaa kabla hujaumaliza, na bega linachoka bure. Kastabani, kile kikofia cha kukinga kidole, navaa siku hizi, ujanani nilikuwa naikwepa. Kila nusu saa nasimama nanyoosha vidole. Zamani nilikuwa nashona saa nne mfululizo usiku baada ya watoto kulala na asubuhi kazini, sijui niliwezaje, ila mishono ya miaka ile niliyoikuta imenyooka na midogo kuliko ya leo. Ya leo imepwaya kidogo. Nimeziacha zote mbili zikae pamoja kwenye kitambaa kimoja, na sitaki mtu aniambie nifumue ya leo ilingane na ile.

Nirudi kwenye ile sindano yenye kutu.

Kile ni kitambaa cha meza na mimi sikukianza. Alikianza mama yangu. Alikuwa anachora mwenyewe kwa penseli bila kigezo, moja kwa moja kwenye kitambaa, maua na majani yanayopanda kona, kila kona tofauti na mwenzake. Macho yalipomshinda akanipa, akasema malizia wewe, kona mbili alikuwa ameshadarizi, ya tatu amechora tu, ya nne alikuwa bado. Nikadarizi ya tatu kwa kufuata penseli yake. Mama akafariki nikiwa katikati ya ile kona. Nikaendelea, taratibu sana, naweza kusema nilikuwa nauchelewesha ule mstari wa penseli usiishe. Sindano iliposimama ilikuwa kwenye jani la mwisho alilolichora. Baada ya lile jani hakuna penseli tena, kitambaa kitupu mpaka ukingoni.

Hapo ndo palikuwa pagumu na kile kikaratasi changu cha pini sikujua nikiandike nini. Niliandika "mama".

Kuna ile darizi ya Bayeux kule Ufaransa, watu wameizoea kuita zulia la ukutani wakati ni kazi ya sindano kabisa, nyuzi za sufu juu ya kitani, karibu mita 70, ya karne ya 11, inasimulia vita vya mwaka 1066. Mwisho wake haupo. Watu wanakimbia vitani, kitambaa kinachakaa, basi, hakuna anayejua kiliendelea vipi. Nikasoma kwamba wakazi wa kisiwa kidogo kinachoitwa Alderney walikaa wakadarizi mwisho wao wenyewe, wakakisia, wakatumia mishono ile ile, wakaumaliza mwaka 2013. Mamia ya watu waliweka mkono, na hakuna aliyedai kuwa anajua aliyeanza alitaka nini. Nilirudia kusoma hiyo mara mbili tatu. Nikawaza wale wamekaa karibu miaka 950 mbali na mwenye kazi na wakathubutu kuchukua penseli, na mi niliyelelewa na mwenye kazi, niliyeona mkono wake ukichora, naogopa.

Lile doa la kutu sikulitoa. Nililifua taratibu likagoma, kulikwangua ningetoboa kitambaa, kwa hiyo jani la mwisho la mama nimelidarizi juu ya doa lenyewe, kwa mshono wa kujaza, nyuzi tatu badala ya mbili ili lisichungulie. Ule uzi wa kijani uliokuwa unaning'inia niliuvuta kuujaribu ukakatika mkononi, umeoza, nimeuweka kwenye kopo la vifungo.

Kona ya nne nimechora Jumamosi. Nilijaribu kwanza kuigiza mkono wake kwenye karatasi, yale majani yake yenye ncha inayojikunja kulia, kurasa nne nzima, yakawa yananitoka magumu kama yamepigwa muhuri. Nikayaacha. Nikachora majani yangu, mapana kidogo, ncha zimenyooka, moja kwa moja kwenye kitambaa, penseli ikatetemeka sehemu mbili na sikufuta. Mjukuu alikuwa amekaa karibu akaniuliza bibi mbona hii kona haifanani na zile, nikamwambia ile pale ni ya mama wa bibi na hii hapa ni ya bibi, akasema aa, akaomba na yeye achore jani moja pembeni. Kalichora. Kubwa kuliko ya wote.

Nimeshadarizi ua la kati na majani matatu. La kwake nimeliweka la mwisho, bado sijaamua kijani gani.